Nichague tanuru gani la kuni la kupasha nyumba joto kwa bajeti ndogo?

Baridi_Tele aliuliza:

Wakuu, habari za humu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela, maana nikishaitoa hairudi.

Nyumba yetu ni ya zamani, haina ghorofa. Ina vyumba vitatu vya kulala, sebule iliyoungana na jikoni, na chini ya sakafu kuna chumba kidogo ambako zamani kulikuwa na mtambo wa kupasha joto. Mtambo ulishakufa ukaondolewa, ila mabomba ya bati yaliyokuwa yanapeleka hewa ya moto vyumbani bado yapo. Sasa hivi tunatumia hita za umeme tatu, kila moja kilowati 2. Baridi ikikolea zote zinawaka usiku kucha, na zinatutosha. Bili ikija, mke wangu huificha kwanza mpaka nimalize kula.

Nimeamua kuhamia kwenye kuni. Nina njia tatu mezani. Kuna tanuru la mtumba, kubwa, muuzaji anasema ni la kilowati 30, lina feni yake na litaingia moja kwa moja kwenye yale mabomba. Analiuza bei ya kutupa. Kuna jiko jipya dogo la bamba la chuma, mlango wa kioo, kilowati 7, la kuweka sebuleni. Hilo ni ghali kuliko tanuru kwa mbali. Halafu kuna jirani yangu anayechomelea vyuma, amesema nimpe pipa la mafuta na gharama za vifaa tu, atanitengenezea jiko wikiendi moja.

Dohani ya matofali ipo, pana sana, haijatumika miaka mingi. Kuni ninazo: upepo uliangusha mti mkubwa uani, nimeukata magogo, yamelala pale pale.

Moyo wangu umeshaangukia hilo tanuru kubwa. Si bora nguvu izidi kuliko ipungue? Mnasemaje?

---

Gogo_Kavu alijibu:

Chukua tanuru mkuu, usiulize mara mbili. Kubwa unaweza kulipunguza hewa likawaka polepole mpaka asubuhi. Dogo huwezi kuliongeza. Na mabomba tayari unayo, unataka nini tena?

---

Mzee Masizi alijibu:

Baridi_Tele, tulia kwanza. Na wewe Gogo_Kavu, hilo la "punguza hewa liwake polepole mpaka asubuhi" ndilo linalonipa mimi ugali wangu. Kazi yangu ni kusafisha dohani na kufunga majiko. Nikiitwa mahali ambapo lami imeganda kwenye bomba mpaka brashi haipiti, mara nyingi nakuta tanuru kubwa kupita kiasi lililobanwa hewa usiku kucha.

Tuanze na ukubwa, kwa sababu jibu umelileta mwenyewe bila kujua. Hita zako ni tatu, kilowati 2 kila moja. Zikiwaka zote kwa pamoja zinatoa kilowati 6, na umesema usiku wa baridi kali ndizo zinazowatosha. Basi nyumba yako, ilivyo leo na nyufa zake zote, inakula kilowati 6 siku mbaya kabisa. Siku za kawaida inakula nusu ya hapo. Hakuna fundi atakayekupimia vizuri kuliko hivyo. Sasa unataka kuweka mtambo wa 30?

Kuni haziwaki kama gesi, kwamba unakata moto katikati nao unabaki safi. Gogo likipata moto, kwanza linatoa maji, kisha linatoa moshi wenye gesi, na gesi hizo ndizo zenye sehemu kubwa ya nguvu ya kuni. Ili ziungue zinahitaji joto kali na hewa ya kutosha. Ukibana hewa, moto unazubaa na gesi zinapanda dohani zikiwa hazijaungua. Zikifika juu ambako bomba limepoa, hasa chini ya nyuzi 120 hivi, zinaganda ukutani pamoja na mvuke wa maji. Mwanzo inakuwa kama masizi yenye mafuta, baadaye inakuwa lami nyeusi inayong'aa. Lami hiyo ni kuni uliyoilipia isiyokupa joto. Siku ukiwasha moto mkali nayo inashika, bomba linanguruma, na joto lake linaweza kupasua matofali na kufika kwenye mbao za paa.

Kwa hiyo mtambo wa kilowati 30 kwenye nyumba ya kilowati 6 una njia mbili tu: ama mnalala madirisha wazi, ama unaubana kila siku na kujaza lami. Jiko la kilowati 7 likiwaka vizuri siku nzima ni jiko safi, na kioo chake kitakuonyesha. Kioo kikiwa cheusi kila asubuhi, ujue na ndani ya dohani ni hivyo hivyo.

La pili, ambalo ni zito zaidi: hilo tanuru ni la mtumba, na linasukuma hewa vyumbani. Ndani yake kuna ukuta wa chuma unaotenganisha moshi na hewa. Moto upo upande mmoja, feni inapuliza upande wa pili. Ukuta huo ukiwa na ufa, hata mdogo, hewa chafu inaweza kuingia kwenye mabomba na kusambazwa mpaka vitandani. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye hewa hiyo, haina harufu wala rangi. Kama bado unalitamani, nenda na tochi yenye mwanga mkali. Subiri giza, au lifunikeni turubai, tochi iwe ndani ya chumba cha moto na wewe uchungulie kutoka upande wa feni. Ukiona hata ncha ya sindano ya mwanga, aga muuzaji kwa heshima uondoke. Na usipoona mwanga, bado haijathibitika kuwa ni zima, maana nyufa nyingine hufunguka chuma kikishapata moto na kutanuka.

Jiko la mtumba la kawaida, lisilo na mabomba ya hewa, hilo sina ugomvi nalo. Mengi nimeyafunga mimi mwenyewe. Unaangalia viungo vya chuma kama vina nyufa, unaangalia kibao cha juu ya moto kama kimepinda, unafunga mlango umebana kipande cha karatasi halafu unakivuta. Kikitoka kilaini, kamba ya mlango imechoka, na hiyo ni ya bei ndogo kubadilisha. Tofali la ndani likiwa na ufa lakini limekaa mahali pake, si kitu. Wavu wa chini ukiwa umeungua, si kitu. Mwili ukiwa na ufa, acha. Tafuta pia kibandiko cha nyuma kinachosema liwekwe umbali gani kutoka ukutani na lilipimwa kwa kiwango gani. Marekani, kwa mfano, majiko yanayouzwa tangu Mei 2020 hayaruhusiwi kuzidi gramu 2 za chembe za moshi kwa saa, au gramu 2.5 yakipimwa kwa kuni za kawaida. Yale ya miaka ya 1990 yasiyo na kichocheo (kifaa cha ndani kinachosaidia moshi kuungua) yaliruhusiwa mpaka 7.5. Ulaya nao wana kanuni zao za majiko mapya tangu Januari 2022. Moshi ukipungua, kuni nazo zinapungua, kwa hiyo kibandiko hicho ni hesabu ya mfukoni kwako.

Jiko la pipa. Nampenda jirani yako na moyo wake mzuri, ila bamba la pipa ni jembamba mno. Likipata moto mkali linakuwa jekundu, linapinda, na baada ya muda linatoboka, kwa kawaida nyuma au chini ambako huoni. Rangi ya pipa inatoa moshi mbaya ikiungua, na kama ndani mlikuwa na kemikali ndiyo zaidi. Halafu halina kipimo chochote, kwa hiyo kwa tahadhari ya kawaida litahitaji kukaa sentimita 90 kutoka kitu chochote kinachoweza kuungua, kila upande. Pima sebule yako uone kitakachobaki. Linafaa karakana yenye sakafu ya saruji na mtu aliye macho. Si nyumba ambamo watu wamelala.

Sasa dohani, na hapa ndipo nataka hela yako iende. Mtu akiniambia ana bajeti ndogo, namwambia apange hivi: dohani kwanza, kuni pili, jiko la mwisho. Jiko la kawaida kwenye dohani nzuri litawaka. Jiko la kifahari kwenye dohani mbovu litakujazia moshi ndani.

Dohani yako umesema ni pana sana. Ilijengwa kwa moto wa wazi, ule unaotupa joto karibu lote nje. Moshi wa jiko dogo ukiingia humo unapoteza mwendo, unapoa, na lami inaanza. Dawa yake ni kushusha bomba la chuma kisichoshika kutu ndani ya ile dohani, kipenyo sawa na tundu la jiko (majiko mengi ya ukubwa huo yana milimita 150), na kulizungushia kihami joto ili lisipoe. Hilo bomba linaweza kukugharimu karibu sawa na jiko lenyewe. Najua linauma. Lakini ndilo linalobaki hata ukibadilisha jiko.

Kabla ya hapo, aitwe mtu aikague. Dohani iliyokaa miaka mingi huwa na viota vya ndege, matofali yaliyoanguka, na saruji iliyoliwa. Juu ya paa itokeze si chini ya sentimita 90 kutoka pale inapotoboa paa, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kuizunguka, pamoja na kilele cha paa. Ikiwa fupi, upepo utaurudisha moshi chini.

Kuni zako nazungumzia baadaye, naitwa.

---

Mama Mabanzi alijibu:

Shikamoo mzee. Hizo kuni ngoja nizisemee mimi, maana ndizo zinazonilaza na kuniamsha.

Baridi_Tele mdogo wangu, magogo mazima yaliyolala chini hayakauki. Maji ya mti yanatoka zaidi kwenye ncha, kufuata nyuzi, na gome linazuia pembeni. Gogo la urefu wa mita moja lililolala kwenye nyasi linaweza kukaa mwaka mzima na ndani bado bichi, upande wa chini ukiwa umeanza kuoza. Ukate kwa urefu wa jiko lako (ndiyo maana ungejua jiko kwanza, kwa hilo tu nampinga mzee), uyapasue mara mbili au nne, uyapange juu ya fito au pallet yasiguse udongo, mahali penye upepo. Funika juu tu. Ukifunika pembeni unayapika kwa unyevu wake mwenyewe.

Miti laini kama msonobari ikipasuliwa na kupangwa vizuri inaweza kukauka kwa miezi sita penye jua na upepo. Miti migumu kama mwaloni inadai mwaka mpaka miwili. Kwa hiyo huo mti wako wa uani ni wa msimu ujao, si wa huu. Samahani kwa kukukata moyo.

Hesabu yake ni hii. Kilo moja ya kuni yenye unyevu wa asilimia 20 ina nguvu ya karibu kilowati-saa 4. Kilo moja ya kuni mbichi, nusu yake maji, ina karibu 2 tu, kwa sababu nusu ya uzito si kuni na joto lingine linakwenda kuchemsha hayo maji. Na hiyo 2 huipati yote, kwa kuwa moto wenyewe unakuwa baridi. Sasa chukua nyumba yako: siku mbaya kabisa kilowati 6 kwa saa 24 ni kilowati-saa 144. Jiko zuri linakupa kama robo tatu ya nguvu ya kuni, yaani 3 kwa kila kilo kavu. Hiyo ni kilo 48 kwa siku. Siku ya kawaida, nusu yake. Fikiria kubeba mzigo huo kutoka uani kila siku, halafu fikiria kuubeba mara mbili kwa sababu ni mbichi.

Watu wanabishana sana kuhusu mti upi bora. Kwa kilo, miti karibu yote inalingana. Tofauti ni kwamba mgumu ni mzito, kwa hiyo jiko moja lililojaa linakaa muda mrefu zaidi. Ukinunua kwa ujazo chukua mgumu. Ukinunua kwa uzito, hakikisha hununui maji.

Kwa msimu huu tafuta mabanzi na vipande vya kiwanda cha mbao, vile vilivyokaushwa. Pallet pia zinafaa, ila soma muhuri: HT maana yake ilipashwa moto, hiyo choma. MB ilipigwa sumu ya wadudu, hiyo usiguse. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya kuzuia mchwa usiziingize ndani kamwe. Dawa nyingine za zamani zina arseniki. Kipima unyevu ni kifaa kidogo tu, kinunue. Na usipime juu ya gogo: lipasue upime pale palipopasuka sasa hivi, katikati.

Mzee, neno moja la kukupinga tena. Umesema kubwa ni mbaya. Mimi ninatumia boila ya kuni iliyounganishwa na tangi kubwa la maji lenye kihami joto. Ni kubwa kuliko mahitaji ya nyumba yangu, lakini nawasha mara moja kwa siku, moto mkali, hewa wazi, joto linakwenda kwenye maji, usiku kucha maji yanapasha nyumba. Dohani yangu ni kavu. Kwa hiyo ukubwa peke yake si kosa.

---

Mzee Masizi alijibu:

Marahaba Mama Mabanzi. Umenipiga kisawasawa na sikatai. Kosa ni kubana hewa, na penye tangi hakuna haja ya kubana. Majiko mazito ya matofali yanafanya vile vile: moto mkali saa chache, kisha tani nzima ya mawe inatoa joto siku nzima. Hayo ndiyo mazuri kuliko yote nijuayo, ila yanataka msingi wake chini ya sakafu na fundi anayejua.

Nimemnyima kijana kwa sababu ya neno "bajeti". Boila inataka tangi, pampu, vali za usalama, mabomba ya maji na radieta. Na umeme ukikatika pampu inasimama, moto hausimami. Lazima kuwe na njia ya maji kuondoa joto yenyewe, la sivyo yatachemka ndani ya mtambo. Hilo si la kujifundishia nyumbani. Na tanuru la feni lina shida hiyo hiyo: umeme ukikatika feni inalala na chuma kinaendelea kupata moto. Jiko dogo la sebuleni halijui kama kuna umeme au hakuna.

Kwenye urefu wa kuni umeshinda pia. Apime jiko lile dogo leo, akate kuni zipungue sentimita chache kuliko chumba chake cha moto.

---

Baridi_Tele aliandika:

Shikamoo mzee, shikamoo mama. Nimekaa na mke wangu tumesoma yote. Ameshaniuliza "kwa hiyo lile tanuru lako linakuja lini?" kwa sauti ile.

Jana nilikwenda na tochi kama mlivyosema. Muuzaji alishangaa, akasema hajawahi kuona mnunuzi wa hivyo. Tuliingiza tochi ndani tukafunika blanketi. Kwenye kona ya nyuma, pale palipochomelewa, kulikuwa na mstari wa mwanga mwembamba kama unywele. Akasema "hiyo ni kidogo tu, ipake saruji ya moto." Nikashukuru nikaondoka.

Kwa hiyo tumebaki na jiko la kilowati 7. Sasa maswali yangu. Kwanza, vyumba vya kulala viko mwisho wa korido. Joto la sebuleni litafikaje huko? Naweza kutumia yale mabomba ya zamani na feni ndogo? Pili, ukuta wa nyuma pale ninapotaka kuliweka ni wa mbao, na nafasi si kubwa. Tatu, kuna la chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, linafanana bei na hilo la bamba. Lipi?

---

Mzee Masizi alijibu:

Marahaba. Saruji ya moto kwenye ufa wa ukuta wa moshi! Muuzaji huyo alale na familia yake karibu nalo kwanza.

La tatu linajibika haraka: lolote. La kusubu linachelewa kupata moto na linachelewa kupoa, la bamba linawahi yote mawili. La kusubu halipendi kugongwa wala kumwagiwa maji likiwa la moto, linapasuka. Chagua lenye mlango unaofunga vizuri.

Yale mabomba yaache. Ukiweka feni ya kunyonya hewa karibu na jiko, unaweza kuunyonya na moshi urudi ndani, kwa sababu feni na dohani zinagombania hewa ile ile. Hata ile feni ya jikoni ya kutoa mvuke inaweza kufanya hivyo kwenye nyumba iliyozibwa sana. Ukiiwasha na moshi ukatoka kwenye jiko la kuni, fungua dirisha kidogo, na uulize kuhusu kuletea jiko hewa yake kutoka nje kwa bomba. Kwa vyumba vya mbali fanya kinyume cha watu wanavyofikiri. Weka feni ndogo sakafuni kwenye korido, chini, ipulize hewa baridi kutoka vyumbani kuelekea sebuleni. Hewa baridi ni nzito, inasukumika kirahisi, na ya moto inapita juu yake kwenda kujaza nafasi iliyoachwa. Milango iwe wazi. Vyumba vitakuwa baridi kiasi kuliko sebule, na hita moja mtaibakiza kwa usiku mbaya. Hilo nakuambia mapema usije ukanilaumu.

Ila kabla ya feni, panda darini. Kama juu ya dari hakuna kihami joto, au kimelala kimekuwa chembamba, hapo ndipo joto lako linapokimbilia. Ziba na nyufa za madirisha. Kila kilowati usiyoipoteza ni kilo nane za kuni usizobeba kwa siku. Mama Mabanzi atanisahihisha hesabu.

Ukuta wa mbao. Kibandiko cha jiko jipya kinasema umbali wake, na hicho ndicho sheria, si maneno yangu. Nafasi ikipungua, unaweka ngao ya bati au ya ubao wa saruji mbele ya ukuta, lakini si kuigandamiza. Acha nafasi ya sentimita 2.5 hivi nyuma yake, iwe wazi chini na juu, ili hewa ipande ikipoza. Bati lililopigiliwa moja kwa moja kwenye mbao halikingi chochote. Linapitisha joto tu na kukuficha ubao unavyobadilika rangi. Na bomba la moshi lenye ukuta mmoja nalo linataka nafasi yake, kama sentimita 45 kutoka mbao. Penye kubana tumia bomba la kuta mbili, na pale linapopita kwenye dari au paa lazima liwe la kuta mbili lenye kihami. Chini ya jiko weka sakafu isiyoungua, itokeze mbele ya mlango kadiri maelekezo yanavyosema, maana cheche hurukia mbele.

Ukiunganisha vipande vya bomba kutoka jiko kwenda juu, ile ncha nyembamba ya kila kipande iangalie chini, iingie ndani ya kipande cha chini yake. Watu wengi wanageuza wakidhani moshi utavuja. Moshi unavutwa juu, hauvuji. Kinachovuja ni lami ikiteremka, na ukigeuza itatokea nje ya kiungo na kuchuruzika mbele ya wageni wako. Punguza kona. Kona mbili za nyuzi 45 ni bora kuliko moja ya 90.

Na kabla ya kutoboa chochote, uliza mamlaka ya ujenzi ya kwenu kama kibali kinahitajika, na uwaambie watu wa bima. Bima nyingi hazilipi nyumba iliyoungua kwa jiko lisilotajwa.

---

Mama Mabanzi aliandika:

Kilo nane kwa kilowati, hesabu imekaa sawa mzee.

Baridi_Tele, ukishafunga, washa kwa kuanzia juu. Magogo makubwa chini, ya wastani juu yake, vijiti juu kabisa, moto uwekwe kileleni. Moto unashuka taratibu, na gesi za magogo ya chini zinapita kwenye miali badala ya kutoroka. Utaona mwenyewe moshi wa nje unavyopungua. Hewa iwe wazi kabisa mpaka kuni zishike vizuri, ndipo uipunguze kidogo kidogo, na ukiona miali imelala na kugeuka ya uvivu, ongeza hewa tena.

Majivu yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko cha chuma, ikae nje juu ya saruji au mawe, mbali na ukuta. Makaa yaliyozikwa kwenye majivu yanaweza kubaki na moto siku kadhaa.

---

Baridi_Tele aliandika:

Nimeelewa, asanteni sana. Mkaguzi wa dohani nimeshampigia. La mwisho kabisa: king'ora cha kaboni monoksaidi, ninunue kimoja nikiweke sebuleni palipo na jiko, au?

---

Mzee Masizi alijibu:

Viwili. Kimoja chumba chenye jiko, mita moja hadi tatu kutoka kwenye jiko lenyewe, si juu yake. Cha pili koridoni mlangoni kwa vyumba vya kulala, pale ambapo kikilia mtu aliyelala atakisikia. Angalia nyuma tarehe ya mwisho ya matumizi, kwa sababu kihisio chake huchoka hata kama betri ni mpya. Mkaguzi akimaliza, weka hapa alichokuta, na kipenyo cha ndani cha hiyo dohani, tujue bomba gani litapita.